Katalogi ya maktaba na bibliografia zinatofautiana wapi hasa? Msimamizi amekataa orodha yangu

#1 Mtafiti Chipukizi

Wakuu, salaam. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu ushairi wa Kiswahili uliochapishwa kati ya 1930 na 1970, na nimetakiwa kuambatanisha bibliografia ya machapisho hayo. Niliingia katika katalogi za maktaba zilizoko mtandaoni, nikapakua kila rekodi yenye neno “mashairi”, “diwani”, “tenzi” au “utenzi”, nikazipanga kwa alfabeti ya majina ya waandishi, nikakabidhi. Msimamizi amenirudishia kazi ikiwa na maneno machache pembeni: “Hii ni katalogi iliyokatwa vipande. Niletee bibliografia.”

Hoja yangu ni hii, na ninaomba anayeipinga aipinge kwa sababu. Siku hizi katalogi za maktaba nyingi zimeunganishwa, kiasi kwamba utafutaji mmoja unakuonyesha vilivyomo Dar es Salaam, London, Leipzig na Washington kwa pamoja. Ikiwa katalogi imefika hapo, tofauti yake na bibliografia imekwisha, na kilichobaki ni mazoea ya wanataaluma. Nani atanionyesha tofauti iliyo hai?

#2 Rafu ya Tisa

Msimamizi wako yuko sahihi, na sababu ni fupi. Katalogi huorodhesha mali ya maktaba fulani. Bibliografia huorodhesha maandishi ya mtu, mada, nchi, lugha au kipindi, yawe yamo katika maktaba mia moja au yasiwemo katika maktaba yoyote. Ndiyo maana rekodi ya katalogi ina namba ya rafu, na ya bibliografia haina. Anayeuliza “kiko wapi nikisome” anahitaji katalogi. Anayeuliza “ni nini kimekwisha andikwa” anahitaji bibliografia.

#3 Mkutubi Mstaafu

Rafu ya Tisa amesema vyema, ila naomba niwaonyeshe jambo hilo kwa vitendo, kwa kuwa wengi wenu hamkuzikuta kadi.

Kadi ya katalogi ilikuwa na upana wa sentimeta 12.5 na kimo cha 7.5, ikiwa na tundu chini la kupitishia fimbo ya chuma iliyozuia wasomaji wasizichomoe kadi katika droo. Kona ya juu kushoto palikaa namba ya rafu. Katika mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu rafuni kwa namba za mada, kitabu cha fasihi ya Kiswahili huanza na 896.392. Kisha walifuata mwandishi, jina la kitabu, mahali kilipochapishwa, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa na kimo cha kitabu kwa sentimeta. Chini kabisa yaliorodheshwa majina na mada za kadi nyingine zote zilizoandaliwa kwa ajili ya kitabu hichohicho. Kazi ya mistari hiyo ya chini ilikuwa kumwezesha mkutubi, siku kitabu kilipopotea au kuondolewa, azifuate kadi zote mahali zilipo na kuzitoa, moja katika herufi ya mwandishi, moja katika herufi ya jina la kitabu, na nyingine katika mada.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti. Katalogi imeandaliwa tangu mwanzo iweze kukisahau kitabu kilichoondoka, kwa sababu ikiendelea kukitaja itamdanganya msomaji. Bibliografia haina ruhusa hiyo, kwa kuwa kitabu kilichochapishwa 1947 kimechapishwa 1947 hata kama mchwa wamekula nakala zote.

Charles Cutter wa Marekani, aliyeandika kanuni zake za katalogi mwaka 1876, alisema katalogi imwezeshe mtu kukipata kitabu anachokijua kwa mwandishi, jina au mada. Imwonyeshe maktaba ina nini. Na imsaidie kuchagua. Katika shabaha zote tatu maktaba imo ndani ya sentensi.

#4 Mhandisi wa Data

Shikamoo Bibi Mkutubi. Nakubaliana na historia yako, lakini sikubaliani kwamba inajibu swali la Mtafiti, kwa kuwa yeye hakuzungumzia katalogi ya maktaba moja.

Marekani walichapa katalogi ya pamoja ya vitabu vya kabla ya 1956, ikatoka kati ya 1968 na 1981 katika majuzuu 754. Mwaka 1967 ilianzishwa OCLC huko Ohio, yaani ushirika wa maktaba wenye katalogi ya pamoja, ambayo leo rekodi zake zinatoka kwa maelfu ya maktaba za nchi nyingi. Katika hifadhidata kama hiyo, maktaba moja ikikitupa kitabu, rekodi hubaki, kwa sababu maktaba nyingine bado inacho. Kadiri maktaba zinavyoongezeka, uwezekano wa kitabu kusahaulika unapungua. Kwa hiyo tofauti mnayoieleza ni ya kiasi tu, na kiasi hicho kinapungua kila mwaka.

#5 Mpenda Tenzi

Mhandisi, hesabu yako ina tundu kubwa kuliko la kadi ya Bibi Mkutubi.

Mtafiti amesema ushairi uliochapishwa 1930 hadi 1970. Sehemu kubwa ya ushairi huo haikuchapishwa katika vitabu. Ilitoka katika magazeti na majarida, na mfano wa kwanza ni Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, ambalo kurasa zake za mashairi zilikuwa uwanja wa washairi wa bara na pwani kujibizana, kuulizana mafumbo na kusahihishana vina. Katika katalogi, jarida lote lina rekodi moja: jina, mahali, mwaka wa kuanza, na miaka ambayo maktaba inayo. Unganisha maktaba elfu kumi, na bado utapata rekodi ileile moja, ikifuatwa na majina elfu kumi ya maktaba. Hakuna shairi hata moja litakalojitokeza.

Katalogi inahesabu kitu kinachokaa rafuni, na kitu hicho ni jarida lililojalidiwa. Bibliografia inahesabu kilichotungwa, hata kikiwa beti sita katika safu ya pili ya ukurasa wa gazeti. Kuongeza maktaba hakubadilishi kipimo.

#6 Sanduku la Vitabu

Ninauza vitabu vya zamani, kwa hiyo ninazitumia orodha zote mbili kila siku, na ninaziona kwa jicho la biashara. Bibliografia ndiyo inayonifahamisha kwamba kipo kitabu ambacho sijawahi kukishika. Katalogi ndiyo inayoniambia kama maktaba fulani tayari inacho, na kwa hiyo kama nina sababu ya kuwapigia simu.

Naongeza aina nyingine ambayo hamjaitaja, yaani katalogi ya muuzaji. Hiyo nayo inataja mali iliyopo, hali ya jalada na bei, na nakala ikiuzwa inafutwa. Kwa hiyo mimi namuunga mkono Bibi Mkutubi kwamba kiini cha katalogi ni nakala, iwe ya kusomwa au ya kuuzwa.

#7 Mtafiti Chipukizi

Ahsanteni. Mpenda Tenzi, hoja ya Mambo Leo imenigusa, kwa sababu katika orodha yangu jarida hilo halimo kabisa. Jina lake halina neno hata moja kati ya yale niliyotafuta. Lakini naomba mnisaidie jambo moja. Je, hiyo si kasoro ya katalogi tu? Kama maktaba ingeorodhesha kila shairi katika kila toleo, si ingekuwa imefuta tofauti hiyo?

#8 Ughaibuni

Kabla hujajibiwa, nisahihishe #2. Si kweli kwamba bibliografia haionyeshi mahali. Orodha maarufu ya Pollard na Redgrave iliyotoka 1926, ya vitabu vilivyochapwa Uingereza, Uskoti na Ayalandi kati ya 1475 na 1640, hutaja maktaba zenye nakala, na tena imejiita katalogi katika jina lake. Hata hivyo hakuna mtaalamu anayeihesabu kuwa katalogi ya maktaba, kwa sababu mpaka wake ni mahali na kipindi cha uchapaji, wala haumfuati mmiliki. Wajerumani nao wana orodha ya vitabu vilivyochapwa kabla ya 1501, ambayo juzuu lake la kwanza lilitoka 1925. Inaitwa katalogi ya jumla, na inataja nakala ziko wapi duniani.

Basi alama ya nje, iwe namba ya rafu au jina la jalada, haiwezi kututenganishia. Nadhani tutazame swali ambalo mtunzi wa orodha alijiuliza alipokuwa anaamua kitu kiingie au kibaki nje. Mtunzi wa katalogi anajiuliza: je, tunacho? Mtunzi wa bibliografia anajiuliza: je, kinahusika?

#9 Msomi wa Baraza

Mjadala huu ni wa zamani kuliko uchapaji. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Kallimakos wa Aleksandria alitunga Pinakes, orodha ya waandishi na maandishi yao katika hati-kunjo 120. Kwa kila mwandishi alitoa habari fupi za maisha yake, maneno ya kwanza ya kila andiko, na idadi ya mistari. Hiyo ndiyo katalogi ya kwanza ya maktaba kubwa, na humohumo ndiyo bibliografia ya kwanza. Miaka mingi baadaye Conrad Gessner wa Zurich, mwaka 1545, akachapisha orodha ya vitabu vyote vya dunia. Kwa maoni yangu tofauti mnayoigombania haikuwapo hadi maktaba za umma zilipokua na kuhitaji kanuni. Antonio Panizzi na kanuni zake 91 za maktaba ya British Museum, mwaka 1841, ndiye aliyeitenga katalogi ikawa taaluma ya peke yake.

#10 Ughaibuni

Msomi, mambo mawili. Kwanza, Gessner hakuorodhesha vitabu vyote vya dunia. Aliorodhesha waandishi wa Kilatini, Kigiriki na Kiebrania tu. Pili, wataalamu hawakubaliani kama Pinakes ilikuwa katalogi ya maktaba ya Aleksandria au bibliografia ya fasihi ya Kigiriki iliyotungwa kwa kuitumia maktaba hiyo. Vimebaki vipande vichache tu, na vipande hivyo havisemi hati-kunjo zilikaa wapi.

#11 Msomi wa Baraza

Kuhusu Gessner nimekuelewa. Kuhusu Pinakes, kutokukubaliana kwao kunaniunga mkono: kama wataalamu waliosoma vipande hivyo maisha yao yote hawawezi kuamua ni ipi kati ya hizo mbili, labda watu wa wakati ule hawakuzitenganisha.

#12 Binti wa Pate

Assalaam alaykum. Mmetoka Ugiriki mkaenda Uswisi, mkairuka Baghdad, na Baghdad ndiko lililoko jibu bora zaidi.

Ibn al-Nadim alikuwa mnakili na muuza vitabu. Fihrist yake, yaani orodha yake ya vitabu, ya mwaka 377 wa Hijra, yaani 987 hadi 988, inakusudia kutaja vitabu vilivyopo kwa lugha na hati ya Kiarabu, vya Waarabu na vya wasio Waarabu, katika maqala, yaani sehemu, kumi. Haikuwa orodha ya duka lake wala ya maktaba ya khalifa. Lakini tazameni anavyofanya kazi. Anapofika kwa washairi, anataja diwani ya kila mmoja ina karatasi ngapi, na ili msomaji asidanganyike, anaeleza kwamba karatasi anayoihesabu ni ya Sulaimani, yenye mistari ishirini kila ukurasa. Kwa kipimo hicho, mtu aliyekuwa anauziwa diwani sokoni aliweza kujua kama nakala iliyo mkononi mwake imetimia au imepunguzwa. Mahali pengi anatofautisha pia kati ya kitabu alichokiona mwenyewe na kile alichosikia habari zake.

Nikimjibu Mtafiti katika #7: maktaba hata ikiorodhesha kila shairi la kila toleo ililonalo, haitaweza kukuambia kwamba toleo ambalo haina lilikuwapo, wala kwamba diwani yake imepungukiwa na karatasi. Kujua upungufu kunahitaji orodha iliyotungwa nje ya kuta.

#13 Wakili wa Vitabu

Naomba kuingiza sheria, maana kuna mahali ambapo kuta za maktaba zimejengwa na sheria yenyewe.

Nchi nyingi zina sheria inayomtaka mchapishaji kukabidhi nakala za kila anachochapisha katika maktaba iliyotajwa. Kutokana na nakala hizo hutungwa bibliografia ya taifa. Kwetu Tanzania, Bodi ya Huduma za Maktaba ina mizizi katika sheria ya 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Orodha ya taifa ya machapisho ilianza miaka ileile ya mwisho wa 1960. Kenya walianza bibliografia yao ya taifa miaka ya 1980. Sasa, ikiwa kila kilichokabidhiwa kinaingia maktaba ya taifa, na kila kilichoingia kinaandikwa katika bibliografia ya taifa, basi orodha hizo mbili ni moja kwa amri ya sheria. Tofauti inayobaki ni kwamba bibliografia ya taifa hupangwa kwa mwaka na haihitaji kutaja rafu.

#14 Mpenda Tenzi

Ni moja kwa karatasi, Wakili, si kwa ukweli. Mchapishaji asiyekabidhi hayumo katika yoyote kati ya hizo mbili. Vijitabu vya kasida na mawaidha vinavyochapwa kwenye viwanda vidogo na kuuzwa nje ya misikiti kutoka Mombasa hadi Unguja, nani anavikabidhi?

Halafu kuna suala la mpaka wa nchi. Shaaban Robert alichapishiwa na wachapishaji wa London, na Pambo la Lugha lilitolewa na chapa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Utendi wa Mwana Kupona uliohaririwa na Alice Werner na William Hichens ulichapwa 1934 Medstead, kijiji cha Uingereza. Bibliografia ya taifa inayofuata mahali pa uchapaji haimhesabu mshairi mkubwa wa Tanga kwa vitabu hivyo, wala haimhesabu bibi wa Pate. Bibliografia ya lugha inawahesabu wote. Kwa hiyo hata ndani ya bibliografia zenyewe, mpaka uliochagua ndio unaoamua nani ni mshairi wa nchi gani.

#15 Mkutubi Mstaafu

Marahaba, Mhandisi, nilisahau kukuitikia.

Wakili na Mpenda Tenzi wamenikumbusha orodha ambayo sisi wakutubi wa Afrika Mashariki tuliitegemea sana. Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua ofisi yake Nairobi mwaka 1966 ili kukusanya machapisho ya eneo hili, na tangu 1968 ofisi hiyo ikawa inatoa orodha ya ilivyovipata, nchi kwa nchi. Kwa asili yake ilikuwa ripoti ya manunuzi ya maktaba moja iliyoko Washington. Lakini kwa kuwa bibliografia zetu za taifa zilichelewa kwa miaka, na nyingine zilikatika, orodha hiyo ndiyo iliyosomwa kama bibliografia ya Afrika Mashariki. Tulikuwa tunaifungua kujua nini kimechapishwa katika nchi zetu wenyewe.

Jambo hilo liliniumiza, na bado linaniuma. Ofisi ilifanya kazi nzuri, na maafisa wake walisafiri kutafuta vitu ambavyo hakuna mwingine aliyevitafuta. Lakini kilichochaguliwa kilichaguliwa kwa mahitaji ya msomaji wa mbali, na kile ambacho hakikuchaguliwa kikaonekana hakikuchapishwa. Mtu anaposema tofauti ya katalogi na bibliografia ni mazoea tu, mimi hukumbuka hasara hiyo.

#16 Rafu ya Tisa

Kuna mfano wa Oxford wa namna hiyohiyo. Katalogi ya Bodleian, maktaba ya chuo kikuu hicho, iliyotungwa na Thomas Hyde na kuchapwa 1674 ilikuwa orodha ya maktaba moja, lakini maktaba nyingine ziliinunua zikaandika pembeni namba zao wenyewe mahali walipokuwa na kitabu kilekile. Kwa hiyo katalogi ya mmoja ikawa bibliografia ya wengine, na kisha ikarudi kuwa katalogi kwa kalamu ya wino. Ughaibuni amenisahihisha kuhusu namba za rafu, na mfano huu unaonyesha vilevile kwamba orodha inaweza kubadilisha kazi bila kubadilisha hata neno.

#17 Mhandisi wa Data

Rafu ya Tisa, wewe sasa uko upande wangu, hata kama hutaki. Kama orodha hiyohiyo inaweza kuwa hiki asubuhi na kile jioni, kulingana na anayeisoma, basi tofauti haimo katika orodha.

#18 Fundi Chapa

Nimefanya kazi kiwandani kwa muda mrefu, na naona mmesahau jambo ambalo mchapaji hulijua. Mnasema katalogi inahusu nakala na bibliografia inahusu kazi. Ipo ngazi ya katikati, nayo ni toleo na chapa, na ndiko penye ugomvi mwingi.

Fungua kitabu chochote cha Kiswahili cha miaka ya 1960, ugeuze ukurasa wa jina. Nyuma yake utakuta “Chapa ya kwanza” na mwaka, “Chapa ya pili” na mwaka, pengine hadi ya sita. Mara nyingi ni vibao vilevile vilivyopigwa tena bila kubadilisha herufi. Lakini mara nyingine mhariri ameondoa shairi, ameongeza dibaji au amegeuza tahajia, na bado mchapishaji ameandika “chapa” tu. Mkutubi anayo nakala moja mbele yake, kwa hiyo anaandika anachokiona. Mtunzi wa bibliografia anatakiwa aziweke chapa zote sita mezani, azilinganishe, ndipo aseme ipi ni marudio na ipi ni toleo jipya.

Waingereza wamelifikisha hili mbali kwa kitabu cha tamthilia za Shakespeare cha 1623. Maktaba ya Folger huko Washington ina nakala 82, na Charlton Hinman alizilinganisha nyingi kati ya hizo, kurasa kwa kurasa, akachapisha matokeo 1963. Kwa kuwa masahihisho yalifanywa wakati mashine inaendelea kupiga, nakala hutofautiana. Bibliografia ya namna hiyo inaeleza kitabu kama kilivyokusudiwa kitoke kiwandani, ambacho huenda hakimo kikamilifu katika nakala yoyote. Katalogi haiwezi kueleza kitu ambacho maktaba haijakishika.

#19 Binti wa Pate

Fundi, kwenye miswada hoja yako ina nguvu zaidi, kwa kuwa hapo hakuna chapa wala toleo. Kila nakala ni kazi ya mkono wa mtu. J. W. T. Allen alitoa katalogi ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu, pamoja na kanda, zilizomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1970. Ernst Dammann alitoa ya miswada iliyoko Ujerumani mwaka 1993. Kila moja inaeleza karatasi zilizopo mahali pake. Ukitaka kujua utenzi mmoja una nakala ngapi ulimwenguni, utazisoma katalogi hizo zote, uongeze ya chuo cha SOAS kule London, kisha uamue wewe mwenyewe kwamba mswada huu usio na jina na ule wenye jina lingine ni utenzi mmoja, kwa kulinganisha ubeti wa kwanza, kama Kallimakos. Uamuzi huo haumo katika katalogi yoyote. Ndio unaoifanya orodha yako iwe bibliografia.

Wala usidhani miswada yote imo katika maktaba. Ipo iliyomo masandukuni Lamu na Siyu, na wenyewe hawana nia ya kuitoa.

#20 Mtafiti Chipukizi

Nimezisoma tena rekodi zangu kwa macho haya, nami naomba kutoa mfano. Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini ulitolewa 1957 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Katika katalogi moja una rekodi yake. Katika nyingine umejalidiwa ndani ya jarida, na haupatikani kwa jina la mtunzi. Jarida lenyewe limebadilisha jina mara kadhaa, kutoka bulletini ya Kamati hadi Swahili, na hatimaye Kiswahili, na kila jina lina rekodi yake. Mfano wa pili ni kitabu cha Amri Abedi cha 1954, ambacho nusu ni sheria za kutunga mashairi na nusu ni diwani. Katalogi inakiweka mahali pamoja rafuni, na haina budi, maana kitabu hakiwezi kukaa rafu mbili. Mimi je, nikiweke kama diwani au kama kitabu cha nadharia?

#21 Ughaibuni

Kiweke kote kuwili; hakuna rafu inayokuzuia. Lakini andika kwanza utangulizi wa nusu ukurasa unaotaja mipaka: lugha, miaka, aina ya machapisho, na kama umehesabu magazeti. Marcel van Spaandonck alipotoa bibliografia yake ya Kiswahili huko Leiden, 1965, alijifunga kwenye isimu, kuanzia 1850 hadi 1963, na jina la kitabu linasema hivyo. Msomaji hamlaumu kwa kukosa diwani. Thomas Geider aliyechapisha orodha yake katika Swahili Forum namba 10, mwaka 2003, alipanua hadi fasihi, utamaduni na historia. Katalogi haina haja ya kueleza mipaka, kwa kuwa mlango wa maktaba ndio mpaka. Weka pia alama kwa kila ulichokiona kwa macho yako, kama alivyofanya yule wa Baghdad.

#22 Rafu ya Tisa

Na nyimbo je? Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na katika miaka inayofuata santuri za Kiswahili ziliuzwa pwani yote. Mashairi yale yalitungwa, yakatolewa kwa umma na kununuliwa. Katalogi ya Allen ilihesabu kanda. Mtafiti akisema “kuchapishwa” maana yake karatasi tu, anaacha nje washairi waliosikika na watu wengi kuliko waliosomwa.

#23 Mpenda Tenzi

Hilo litamlaza mwenzetu miaka kumi. Lakini sina hoja ya kulipinga.

#24 Mhandisi wa Data

Bado sijashawishika. Mnachokieleza nyote ni kazi zaidi: kulinganisha, kuchambua magazeti, kutaja mipaka. Kazi zaidi haileti aina nyingine ya kitu. Napendekeza jaribio. Mtafiti achague mwaka mmoja wa Mambo Leo, aorodheshe mashairi yake yote, kisha mimi nitajaribu kuyapata kwa kutumia katalogi na maandishi yaliyowekwa mtandaoni pekee. Tutaona ni mangapi hayafikiki kwa njia yangu.

#25 Mtafiti Chipukizi

Nimekubali. Nitachukua 1934, na matokeo nitayaweka hapa, toleo kwa toleo.

#26 Mkutubi Mstaafu

Vizuri, wanangu. Mtafiti, kwa kila toleo utakalolikosa usiliruke. Andika mwezi wake na uache nafasi. Nawe Mhandisi, andika tarehe uliyofanya utafutaji wako na jina la kila katalogi, kwa sababu mwezi ujao majibu yake hayatakuwa yaleyale.